Kuhamia Dodoma: mwaka wa kwanza kazini na mtaani

Mbukwenyi!

Wenyeji nimewasikia mkiitikia, asanteni. Ninyi wageni, hiyo ni salamu ya Kigogo. Ishikeni leo hii, hata kama matamshi bado yanawatatiza. Bibi anayeuza karanga kando ya njia ukimsalimu kwa lugha yake, atainua uso akutazame vizuri, na kesho yake atakukumbuka.

Nimeombwa nizungumze nanyi, waajiriwa wapya na mliohamishwa kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Tanga na kwingineko, kuhusu kuzoea kazi na maisha ya hapa. Kazi yenyewe mtafundishwa. Mna siku kadhaa za mafunzo elekezi, mtaelezwa kanuni, likizo, mifumo na nani anasaini nini. Mimi nitakaa zaidi kwenye muda unaoanzia pale unapofunga kompyuta jioni. Katika miaka niliyoishi hapa nimeona watu wazuri, wenye uwezo, wakiomba kurudishwa walikotoka, na wengi wao kazi haikuwashinda hata kidogo. Zilizowashinda ni jioni.

Nilifika mwaka 2017. Uamuzi wa kuyahamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, wakati baadhi yetu hatujazaliwa, na kwa miaka mingi ulibaki ukisemwa tu. Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia kweli, na Waziri Mkuu akahamia mwaka huohuo. Tukafuata sisi na mafaili yetu. Aprili 26, 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na mwaka uliofuata ofisi za wizara zikaanza kufanya kazi Mtumba, mahali ambapo muda mfupi nyuma palikuwa pori. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Wengine wamezaliwa hapahapa, ndiyo, lakini mtaani kwenu mtakuta kila nyumba ya tatu au ya nne ina mtu aliyekuja na lori la vyombo. Kwa hiyo usijione mgeni peke yako.

Sasa niwaambie nilivyokosea. Miezi sita ya kwanza niliishi kwa basi la Ijumaa. Mume na watoto walibaki Dar, mimi nikapanga vyumba viwili hapa, na kila Ijumaa mchana akili yangu ilikuwa imeshafika stendi. Wakati ule ilikuwa safari ya kutwa nzima, karibu kilomita 450. Siku hizi treni ya umeme inakufikisha ndani ya saa nne hivi, na naogopa kusema kwamba imewarahisishia wengi kuendelea kutokuwapo. Nilikuwa nalipa kodi mbili, LUKU mbili, gesi mbili, nauli juu yake. Jumatatu naingia ofisini macho mekundu. Sanduku langu la nguo lilikaa chini ya kitanda miezi yote sita, nikitoa nguo humo na kuzirudisha humo. Sikununua hata kabati. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta nilikuwa simjui jina.

Kilichonitoa huko ni maharage.

Ngoja nianze na dalali. Dalali wa hapa, kama wa popote, atakuonyesha nyumba mchana, vigae vinang'aa, dari jeupe, geti jipya. Utaulizwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na yeye atachukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Mimi nililipa siku ileile. Ninyi msilipe kabla ya kufungua bomba. Likitoa maji, chota kiganjani, onja. Kisha paka sabuni mikononi uone kama inatoa povu. Ikiteleza tu bila povu, hayo ni maji ya chumvi, na visima vingi vya hapa ndivyo vilivyo. Halafu usimuulize dalali wala mwenye nyumba kuhusu mgao. Toka nje, bisha hodi nyumba ya pili, muulize mama wa pale: maji yanatoka siku gani, usiku au mchana, na mna simtanki au mnakinga kwenye ndoo? Uliza pia mita ya umeme ni ya kwako peke yako au mnachangia. Magomvi mengi ya wapangaji niliyowahi kusuluhisha yalianzia kwenye mita ya kuchangia na pasi ya mtu mmoja.

Mimi sikuuliza lolote. Jumapili moja sikusafiri, nauli ilikuwa imeisha, nikabandika maharage saa nne asubuhi. Saa nane mchana bado magumu. Nikaongeza maji, nikaongeza, gesi inateketea. Saa kumi nikapakua, yakagonga sahani kama kokoto. Nilikaa pale jikoni nikalia, na haikuwa kwa ajili ya maharage. Ukuta ule ni mwembamba. Mama wa jirani akabisha hodi, mama wa makamo, Mgogo wa Mpwapwa, akaingia na dumu la lita tano. "Mwanangu, hayo maji ya kisima ni ya kudekia na ya chooni. Ukipikia maharage utamaliza mtungi. Chukua haya maji baridi." Akanieleza bomba la mtaa linafunguliwa siku zipi, kijana gani ana mkokoteni, dumu moja ni bei gani. Jioni akaniletea ugali wa uwele na mlenda. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia samaki na nazi. Nilikula nikamaliza.

Wiki ileile nikanunua kabati.

Ofisini nako kuna la kusema, ingawa kwa ufupi. Miezi mitatu ya kwanza kuna sentensi moja muifungie kabisa: "Kule nilikotoka tulikuwa tunafanya hivi." Hata kama kule kulikuwa bora. Fanya kwanza kwa utaratibu wa hapa, uujue unavyokwenda, ndipo upendekeze. Na heshimuni masijala. Mtunza kumbukumbu anajua faili gani limekwama, kwa nani na kwa nini. Dereva anajua mkuu anatoka saa ngapi. Mhudumu anayeleta chai amekaa pale kuliko wakurugenzi watatu waliopita. Wasalimuni kwa majina, shikamoo kwa anayestahili shikamoo, cheo chake kiwe chochote. Na mtu ukiwa hujui, uliza wiki ya kwanza. Ukiuliza mwezi wa nane watu watashangaa ulikuwa unafanya nini muda wote huo.

Familia, mkiweza, zileteni mapema. Nasema hivi nikijua ajira ya mwenzi haihamishiki kama begi, na kwamba mtoto aliye darasa la mtihani huwezi kumng'oa katikati ya mwaka. Lakini wekeni tarehe. Nyumba mbili zisizo na tarehe ya kuwa moja zinawachosha wote, na mtoto anazoea mzazi wa simu. Wangu walipokuja walilalamikia upepo, vumbi, na baridi ya Juni na Julai, maana wa pwani hatuna masweta. Nunueni masweta na mafuta mazito ya kujipaka, ngozi itapauka. Na msimu wa zabibu ukifika mtazisahau kidogo embe za Tanga.

La mwisho ni msiba. Yule mama wa jirani alifiwa na mama yake mwaka huohuo. Nilikuwa na ripoti ya robo mwaka mezani, na ningeweza kutuma hela kwa simu nikaendelea. Niliomba ruhusa ya siku moja. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu tukichambua mchele, nikachota maji, nikaosha sufuria. Mchango wangu ukaandikwa kwenye daftari la mtaa: jina langu, na mbele yake kwenye mabano, "mpangaji nyumba ya kijani". Hawakuwa na namna nyingine ya kunitaja.

Mwaka uliofuata baba yangu akafariki Tanga. Nilipigiwa simu nikiwa ofisini saa tano. Nilipofika nyumbani kufunga begi, mikeka ilikuwa imeshatandikwa mlangoni kwangu, sufuria la chai liko motoni, watoto wangu wameshalishwa. Daftari ni lilelile la jalada la bluu. Ukurasa mpya, juu wameandika: "Msiba wa jirani yetu". Gari la kunipeleka Tanga walilikodi wao.

Basi leo mkitoka hapa, piteni ofisi ya serikali ya mtaa wenu. Nendeni na kitambulisho cha NIDA, mwambieni mwenyekiti mnaishi nyumba ipi na mmekuja na nani, na mumuulize mjumbe wa eneo lenu ni nani na daftari la mtaa anatunza nani.

Sasa nipo tayari kwa maswali. Dada pale karibu na dirisha, umenyoosha mkono muda mrefu, karibu.