Tuunde "Kishindo", bunduki ya kuwindia mazimwi wa sayari ya mbali

Karibuni tena, wandugu. Leo tunaunda Kishindo, bunduki nzito ya mwindaji katika filamu yetu fupi. Haipigi kitu na haitapiga: ni bomba la plastiki, mbao na kartoni.

Ile ya kwanza niliiunda kwa kartoni tupu. Mezani ilipendeza. Tulipofika Buhene, pembeni mwa Goma, kwenye lava ya volkano Nyiragongo ya 2021, mwigizaji wangu akawa anaizungusha kama ufagio. Watoto waliokuja kutazama walicheka mpaka tukazima kamera. Kwa hiyo leo tunahangaika na uzito.

Kabla ya kukata, tuwaangalie waliowinda tembo. Bunduki ya .600 Nitro Express ya Uingereza ilirusha risasi ya gramu 58 hivi, na yenyewe ilikaribia kilo 7. Nyingi za aina hiyo zilikuwa na mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Mnyama akikujia mbio, huna nafasi ya kukoki tena. Unavuta kifyatulio cha pili, basi. Nasi tunaweka miwili.

Chukua mabomba mawili ya maji, ya milimita 50, kila moja sentimita 70. Yakwaruze kwa msasa, la sivyo rangi itabanduka. Yafunge kwa waya, hivi, kaza kwa koleo. Ndani ya kila mdomo gonga kipande cha mbao, kizame sentimita nne hivi. Kwenye kamera litaonekana shimo jeusi, lakini hakuna kinachopita.

Sasa kitako. Mimi nimeomba mabaki ya mbao kwa fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, maana mti uliozoea kubeba magunia ya viazi hauogopi bunduki ya uongo. Chora umbo, kata kwa msumeno, kisha toboa tundu refu upande wa nyuma. Utataka kulijaza changarawe za Nyiragongo, ziko kila mahali. Usidanganyike na weusi wake: zina matundu tele, ni nyepesi. Tia nati na misumari iliyopinda. Nusu ya uzito iende mbele, ndani ya mabomba, ukiizuia kwa matambara isigongegonge. Ukijaza kitako peke yake mitutu itanyanyuka yenyewe. Jumla kilo 3 zinatosha. Mtu atarudia tukio mara ishirini, tusimvunje bega.

Mwili wa kati ni kartoni tabaka tatu na gundi ya mbao. Hapo sina la kuongeza, jipambie upendavyo.

Rangi sasa, na hapa nisikilizeni vizuri. Usipake nyeusi! Goma hakuna anayetania na bunduki. Mimi napaka kijani cha chura, na ncha za mitutu rangi ya chungwa. Nani alisema huko sayari ya mbali silaha lazima ziwe nyeusi? Kitako kishikwe kwa bolti mbili ili ukifungue, uzungushie kitenge, ndipo utoke nyumbani. Siku ya kupiga picha, mwone kwanza mkuu wa nyumba kumi wa eneo hilo, umwonyeshe kartoni kwa macho yake.

Bado teke la bunduki. Binamu yangu alibisha: sayari ya filamu yetu ina mvutano mdogo, basi teke nalo liwe dogo. Hapana. Mirihi, kwa mfano, ina mvutano wa asilimia 38 hivi ya huu wa dunia, kwa hiyo bunduki ya kilo 7 utaiinua kama ya kilo 2.7. Lakini teke linatokana na risasi kusukumwa mbele na bunduki kusukumwa nyuma; ni lilelile hata mwezini. Tena huko ni baya zaidi, kwa sababu miguu haijashika ardhi vizuri. Na ukiigeuza upande, itakubishia vilevile kama ya kilo 7.

Basi mwambie mwigizaji: inua upesi, geuza polepole, ukisimamisha iache ipitilize kidogo. Mfunge kamba kiunoni, na mwenzake nje ya picha aivute mara moja anapofyatua. Nyuma yake tandika godoro kabla hujasema "tuanze". Lava ya Buhene inachana suruali, kisha ngozi. Sisi godoro tulilikumbuka mara ya pili.