Faida ni Kitu Kimoja, Riziki ni Kingine

(Mhadhara kwa watangazaji wa kujitolea na vikundi vya wavuvi, Kigoma mjini)

Ahsante, mwenyekiti. Sielezi redio ya jamii ni nini; wengi wenu mmeitangazia miaka mingi bila posho. Wala sirudii sheria yetu ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Nimekuja na kifungu kimoja, cha fedha: redio ya jamii, isiyotafuta faida, ipate wapi pesa ya kujiendesha. Wanaonijua watasema nimeanza tena. Ndiyo, nimeanza tena, maana bado tunaumia palepale.

Niliwahi kujitolea kwenye kituo kimoja kidogo. Alfajiri moja akaja mama kutoka Kibirizi, kanga imelowa. Mume wake na vijana wawili walitoka jioni na karabai kufuata dagaa, na upepo wa kusi ulivuma usiku kucha. Alitaka tutangaze tu, mwenye kuona mtumbwi aseme. Mtangazaji alikuwepo. Leseni ilikuwepo, imetundikwa ukutani. Umeme ulikatika, na jenereta haikuwa na tone la mafuta. Sasa sikilizeni: wiki mbili kabla, mwenye duka la nyavu alitaka kutulipa kila mwezi atajwe kwenye kipindi cha wavuvi. Uongozi ulimkataa. Waliogopa kuambiwa tumekuwa redio ya biashara! Pesa ile ndiyo ingekuwa mafuta. Yule mama alizunguka kwa miguu, mwalo hadi mwalo, akiuliza. Wanaume wale walipatikana Mwamgongo, wametupwa na upepo, wazima. Namshukuru Mungu. Sisi hatukufanya lolote.

Ndiyo maana nikishika sheria ya redio ya nchi yoyote, nauliza kwanza: kituo kitakula nini? Kumkataza mtu asitafute faida, sawa. Kumkataza asitafute riziki ni kumfunga mdomo huku umempa leseni.

Tazameni Uingereza. Vituo vya jamii vilipewa utaratibu wao mwaka 2004, na matangazo ya biashara na udhamini vikawekewa kikomo cha nusu ya mapato. Vituo vilivyokuwa karibu na redio ndogo za biashara vilikatazwa matangazo kabisa. Mwaka 2015 wakalegeza: pauni 15,000 za kwanza zikaachwa nje ya kikomo. Waliona wenyewe kwamba kamba imekaza. Australia wanapima kwa saa, dakika tano za udhamini katika kila saa. Ufaransa ndiyo naipenda zaidi. Kituo kikiwa na matangazo chini ya asilimia 20 ya mapato yake, kinastahili ruzuku ya mfuko maalumu, na mfuko ule ulianzishwa kwa kodi iliyotozwa kwenye matangazo ya biashara. Yaani aliyeshiba anamchangia mwenye njaa, kwa sheria, si kwa huruma.

Najua kuna mtu atasema, "Mkifungua mlango wa matangazo, mwenye duka ndiye atakayeamua mtangaze nini." Hofu hiyo ina haki yake. Lakini dawa si njaa. Dawa ni kuuliza shilingi inayobaki inakwenda wapi: mfukoni mwa mtu, au kwenye mtambo? Na bodi imechaguliwa na nani? Mwingine atasema wafadhili wapo. Wapo, ndugu yangu, hadi mradi uishe. Mradi ukiisha, fundi anaondoka na mnara unabaki kukaliwa na ndege.

India nayo, haraka, maana kamba yao nyingine iko kwenye habari. Mahakama ya Juu ya nchi ilisema mwaka 1995 kwamba mawimbi ya hewa ni mali ya umma. Leseni zikaanza na vyuo mwaka 2002, mashirika ya kijamii yakasubiri hadi 2006. Na mpaka leo vituo hivyo havitengenezi habari zake. Vinarusha zile za redio ya taifa, All India Radio. Fikirieni Kibirizi bila habari za Kibirizi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla hamjaenda kula, waliokuja na katiba za vituo vyao wanione hapa mbele. Tufungue ukurasa wa mapato.