Kipindi cha Leo: Kutoka Ujiji Mpaka Mto Luiche kwa Miguu

ZUHURA: Haya wapendwa, karibuni, mimi na Hamisi kama kawaida. Leo tulipanga tuwape mambo ya kujiandaa ukitaka kutembea kutwa nzima Ujiji mpaka Luiche, maana Jumamosi nilienda na miguu bado inauma.

HAMISI: Na hukunipitia.

ZUHURA: Jumamosi wewe unaamka adhuhuri, kaka. Basi nikaanzia pale kwenye mnara, Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871. Nikasimama natafuta Ziwa Tanganyika silioni karibu, liko kule chini, mpaka uteremke.

HAMISI: Enzi zile lilikuwa juu zaidi, kama mita 10 hivi. Likashuka mto Lukuga ulipofunguka kule Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1870. Maji ya ziwa letu hayana mlango mwingine wa kutokea.

ZUHURA: Na miaka hii si limepanda tena? Tumeona wenyewe Kibirizi, watu wa dagaa wanahamisha vichanja.

HAMISI: Haya, Luiche.

ZUHURA: Mpunga mpaka ukingoni! Yani shina la mwisho mizizi inaning'inia hewani, udongo wa chini umeshamegwa na maji. Na pale mto unapoingia ziwani kuna mstari kabisa, huku kahawia, huku bluu.

HAMISI: Hao wakulima waondoke. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka mtoni. Lile tope linaenda kufunika mawe, na kuna samaki wanaishi kwa ule mwani wa kwenye mawe tu, hawana pengine pa kula.

ZUHURA: Mita 60 kuanzia wapi? Ndo swali langu. Mama kapima kapata shamba halali, masika ya pili mto umehama uko mlangoni kwake, sasa mvunja sheria nani?

HAMISI: Anapima upya, anarudi nyuma.

ZUHURA: Nyuma kuna shamba la mtu! Na ada ya mtoto?

HAMISI: Dada, mvuvi naye ana mtoto. Ziwa lilifungwa miezi 3 mwaka 2024, Mei mpaka Agosti, wavuvi wakakaa nyumbani ili samaki wazaliane. Mkulima naye aumie kidogo.

ZUHURA: Mvuvi alikuwa na tarehe ya kurudi kazini. Huyu unamwambia aondoke moja kwa moja.

HAMISI: Apande miti basi pale ukingoni.

ZUHURA: Miti utakula lini?

HAMISI: Michikichi! Hapa ni Kigoma, mawese si hela?

ZUHURA: Miaka mitatu mpaka uanze kuvuna, hapo katikati anakula nini?

HAMISI: Mimi sikubali mto ufe.

ZUHURA: Na mimi sikubali yule mama afukuzwe. Eh, tunaonyeshwa saa hapa. Yale ya kujiandaa hatujagusa hata moja.

HAMISI: Waambie wabebe maji ya kunywa.

ZUHURA: Bebeni maji, ondokeni alfajiri, mengine wiki ijayo. Ila Hamisi, hiyo miaka mitatu hujanijibu.