Mdako ni Hesabu: Michezo ya Wasichana Tuliyoiacha Nje ya Darasa

(Mhadhara kwa wanachuo wa ualimu)

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, marahaba.

Nimelisema jambo hili katika vikao vingi, na leo nalirudia kwa sababu bado halijasikika. Michezo ya wasichana wa nchi hii, Tanzania, ni elimu, nasi walimu ndio tulioiachia ipotee kwa kuiita ya kupotezea muda. Rede ya kukwepa mpira, mdako wa kete, kuruka kamba, kujipikilisha, mwanasesere wa gunzi: mnavijua vyote, sitavieleza kimoja kimoja.

Nilialikwa shule moja kwenye maonyesho ya ubunifu wa wanafunzi. Meza ya mbele ilikuwa na magari ya waya, mazuri kweli, magurudumu ya ndala kuukuu na usukani mrefu wa fimbo. Kibao kinasomeka Sayansi na Teknolojia. Meza ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kulikuwa na mpira wa rede, kamba ya kurukia na mwanasesere. Kibao kinasomeka Burudani. Nikamwuliza mwalimu aliyepanga, mpira huu umetengenezwaje? Akanijibu, "Mama, huo ni mpira wa matambara tu."

Matambara tu! Hebu nimjibu hapa, maana siku ile nafasi sikupewa. Mpira wa rede lazima uwe mwepesi, kwa sababu wawili wa pembeni wanaurusha kumpiga wa katikati, naye anaukwepa. Ukiwa mwepesi mno, upepo unauchukua. Ukijazwa matambara matupu unalowa kwa umande, na mpira uliolowa unaumiza. Kwa hiyo wasichana walikuwa wanaanza na kiini cha tambara kilichokazwa, wanazungushia mifuko ya nailoni, wanaingiza ndani ya soksi au stokingi kuukuu, kisha wanafunga kamba kwa kuikatiza huku na huku ili mpira ubaki mviringo hata ukigonga ukuta. Mtoto wa darasa la tatu anachagua malighafi, anapima uzito, anajaribu, anafumua, anafunga upya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na marufuku ile naiunga mkono, malighafi kuu ya mpira huo iliondoka mitaani, na waliobaki wanaucheza ikabidi wabuni upya. Huo si uhandisi? Kama gari la waya ni teknolojia, mpira huu nao uhamishiwe meza ya mbele.

Sasa njooni kwenye mdako. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye hoja yangu.

Unachimba kishimo, unatia kete, yaani vijiwe vidogo. Unarusha jiwe juu, na kabla halijashuka unakomba kete zitoke shimoni, kisha unalidaka. Unalirusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja. Hiyo ni yako. Ukizimaliza mojamoja, unaingia mbilimbili, halafu tatutatu, halafu nnenne. Mwalimu wa hesabu aliyekaa hapa ameshaona ninakokwenda. Mtaani kwetu tulipenda kete 12, na wakubwa walikuwa wakali sana juu ya hilo. Kwa nini 12? Kwa sababu mbilimbili zinakwisha, tatutatu zinakwisha, nnenne zinakwisha. Ugomvi unaanza kwenye tanotano, ambapo mbili zinabaki. Chukua 11 uone: mbilimbili inabaki moja, tatutatu zinabaki mbili, nnenne zinabaki tatu, na kila baki lina sheria yake, kila sheria ina kesi yake. Wasichana wa miaka saba walikuwa wanagawanya na kutafuta baki wakati jiwe liko hewani. Halafu wanaingia darasani, mwalimu anaandika ubaoni "12 gawanya kwa 5", hakuna anayewaambia kwamba ni kitu kilekile walichokiacha chini ya mwembe dakika chache zilizopita. Wanaambiwa hesabu ni ngumu kwa wasichana.

Najua yupo atakayesema wavulana nao walicheza mdako. Ndiyo, walicheza, na sheria zile ziliwafaa nao. Mwingine atasema, mama, dunia imebadilika, watoto wana simu. Jamani, tuache kuisingizia simu. Rede ilianza kupungua kabla simu hazijafika mikononi mwa watoto. Tulijenga nyumba juu ya viwanja vya kuchezea vya mitaa yote, uwazi uliobaki tukaugeuza maegesho, Jumamosi tukazijaza tuisheni. Mtoto hana mahali, hana saa, kisha tunashangaa ameinamia kioo.

Na suala la saa ni zito kuliko watu wanavyofikiri. Linganisheni michezo. Mpira wa miguu unataka uwanja na jioni nzima. Mdako unataka kishimo cha upana wa kiganja. Rede inataka watu watatu na chupa ya kujaza mchanga, na inachezwa mbele ya nyumba, mahali ambapo sauti ya mama inafika. Kwa nini? Kwa sababu msichana alikuwa anaitwa. Kachote maji. Kaoshe vyombo. Mbebe mdogo wako. Michezo yake ilibuniwa ikatike katikati na kuunganishwa baadaye: kete zinabaki shimoni, zamu yako inalindwa na wenzako, unarudi unaendelea na tatutatu zako. Wengine walikwepa mpira wa rede wakiwa na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kanga! Kenya wana mchezo uitwao kati, unaofanana na rede, nao pia unachezwa na wawili wa kurusha pembeni na mmoja wa kukwepa. Nataka mtafiti kijana mmoja, mmoja tu, aandike historia ya kazi za nyumbani kwa kufuata michezo hii. Ratiba ya siku ya msichana imo humo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi mwanasesere nampitia haraka. Gunzi la hindi changa lenye nywele zake ndilo lililowafundisha wengi kusuka, maana nywele zile zinateleza. Ukiweza kuzishika kwa msuko wa twende kilioni, kichwa cha dada yako hakikushindi. Na nguo yake ilishonwa kwa vipande vilivyoanguka chini ya cherehani, kwa hiyo sikukuu ikifika mwanasesere anavaa kitambaa kilekile cha gauni lako na la dada zako wote, maana mlikatiwa jora moja.

Mitindo ilistahili mhadhara wake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulipotangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua jijini Dar es Salaam kuanzia Januari 1969, mjadala ulifika hadi magazetini. Kisha zikaja raizoni, viatu vya soli nene, na pekosi, suruali pana miguuni, ikaja dhiki ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wakipanga foleni ya kitambaa, na biashara ilipolegezwa, mitumba ikamwagika. Msichana alipita katika yote hayo akivaa, akipunguza, akipindisha upindo wake mwenyewe kwa sindano ya mkono. Nenda kawaulize waliokuwa wasichana wakati ule. Wako hai, wana kumbukumbu kali, na wengi hawajawahi kuulizwa.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi yenu ya likizo, nimeshakubaliana na mkuu wa chuo. Kila mmoja, mvulana na msichana, akae na mama, shangazi au bibi aandike sheria za mchezo mmoja kama zilivyochezwa katika mtaa wake au kijiji chake: kete ngapi, nani anaanza, baki linafanywaje, anayegusa kete nyingine anapewa adhabu gani. Sitaki "zamani watoto walicheza kwa furaha". Nataka sheria, kwa namba. Na atakayeandika rede alete mpira aliofundishwa kuufunga, aufumue mbele yetu, aufunge tena.

Haya, maswali. Dada uliyenyoosha mkono kule nyuma, simama utaje na mchezo wa kwenu.