Uzi, Mizani na Kitambi cha Heshima
(Mhadhara wa afya, Amu, yaani mji wa Lamu)

Assalamu alaikum. Namba za BMI, yaani kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, mmenisikia nikizitaja mpaka wengine mnanikwepa vichochoroni, kwa hiyo leo nazipitia mbio. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 78 na mita 1.60 anapata 30 na ushei. Salama ni 18.5 hadi chini ya 25. 25 na kuendelea uzito umezidi. 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Kwa urefu huo, mama huyu angekuwa kati ya kilo 48 na 63.

Sasa namuona mzee pale nyuma anatikisa kichwa: "Hesabu za Wazungu hizo." Naam, baba, ni zao. Aliyezianzisha ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, na hata tabibu hakuwa. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu. Lakini kisukari hakikuulizi ukoo wako. Na nyinyi ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, hatari yenu huanza mapema zaidi, hata kwenye 23.

Ila mzee ana haki kwa jambo moja: mizani haijui mafuta wala misuli. Hamali wa gatini anayepandisha mifuko ya saruji kutwa anaweza kupata 27 na asiwe na tatizo. Na yuko bwana mwembamba wa miguu, kipimo chake 24, anatamba barazani, huku kitambi kimetangulia mbele kama tanga la jahazi. Ndiyo maana natembea na uzi. Jipime utosini hadi kisiginoni, ukunje uzi mara mbili, uzungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Usivute tumbo, nakuona! Ncha zikikutana, alhamdulillah. Zisipokutana, mafuta yamejazana tumboni, kwenye ini na kongosho, na hayo ndiyo yaletayo kisukari na presha. Msinambie kitambi ni heshima. Heshima gani inayokufanya upumzike mara mbili kabla ya kufika msikitini?

Mtasema ni mapenzi ya Mungu, ni urithi. Urithi upo, sikatai. Lakini nani amekurithisha vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha chai? Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, takriban vijiko 12, na ikiwa nusu yake ni bora. Vikombe vyako vitatu vimeshamaliza 12, na mahamri hatujayahesabu, wala kaimati. Mbaazi za nazi sina ugomvi nazo. Punguzeni tui tu, msinitoe roho.

Na mji huu ulijengwa kwa miguu na punda! Leo kijana anapanda bodaboda kwenda dukani. Toka hapa hadi Shela ni kilomita tatu hivi. Tembea.

Nilitaka kusema juu ya usingizi, na mabinti waliokonda chini ya 18.5, maana hao nao wana hatari yao, lakini alasiri imekaribia. Wajawazito, kipimo hiki si chenu; nendeni kliniki. Watoto wana chati zao. Mizani iko mlangoni. Mabwana mtangulie, maana mna maneno mengi.