Rangi Nyeupe na Umanjano wa Uzee

Mabibi na mabwana, mnamo Machi 1638 mchoraji Peter Paul Rubens alimwandikia mwenzake Justus Sustermans, aliyekuwa Florence, kuhusu mchoro wake mkubwa wa vita uliokuwa umesafirishwa ndani ya kasha. Alihofia kwamba sehemu nyeupe zingekuwa zimeingia njano, kwa kuwa rangi ilikuwa bado mbichi ilipofungwa, akamshauri auanike juani kwa vipindi. Alikuwa sahihi, ingawa kemia ya kueleza jambo hilo ilichelewa sana.

Njano hiyo haitokani na unga mweupe wenyewe unaoipa rangi weupe wake. Hutokana na mafuta ya mbegu za kitani ambayo unga huo hukandwa nayo, na ambayo hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani; asidi ya linoleniki, mojawapo ya asidi za mafuta zilizomo ndani yake, ndiyo inayochangia zaidi kuzaa viambata vya njano. Mwanga huvivunja viambata hivyo, ilhali gizani hujilimbikiza. Ndiyo maana mlango uliopakwa rangi nyeupe ya mafuta huwa njano zaidi pale kabati lilipouziba.

Hata hivyo, unga una sauti yake. Weupe wa risasi, yaani unga mweupe utokanao na metali ya risasi, ambao ndio Rubens aliutumia, hukandika kwa mafuta machache mno, na risasi yake huungana na asidi za mafuta na kufanya viambata vya aina ya sabuni, hivyo utando wake huwa mgumu bila kuwa mkavu wa kuvunjika. Weupe wa titani, ulioingia sokoni mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kawaida hudai mafuta mengi zaidi kwa uzito, na hapo njano hupata malighafi. Weupe wa zinki husifiwa kwa kubaki mweupe, lakini sifa hiyo ina gharama: utando wake hukakamaa, ukapasuka na kubanduka. Binafsi ningevumilia njano kidogo kuliko mchoro unaomeguka.

Kurudia risasi majumbani si jibu, kwani sumu yake ilishafanya mkataba wa kimataifa wa kazi wa 1921 uzuie matumizi yake katika upakaji wa ndani ya majengo. Watengenezaji wa rangi za wachoraji wamebadilisha mafuta badala yake: weupe wa titani wakati mwingine hukandwa kwa mafuta ya mbegu za mpopi, yenye asidi ya linoleniki kidogo, ijapokuwa hukauka polepole na utando wake ni dhaifu zaidi.