Maiki ya Matanga

ACHIENG: Haya, tumerudi. Baraka, leo usinichokoze. Juzi nilikuwa mazishini na hasira haijaniisha.

BARAKA: Mzee wa mtaa wenu?

ACHIENG: Mzee wetu, yule wa daftari. Kurasa zimekunjamana, kingo zimekuwa nyeusi, lakini humo mlikuwa na kila nyumba yenye mgonjwa na kila mtoto aliyeacha shule. Sasa MC anatuambia wasifu usomwe kwa ufupi, muda umetubana. Halafu anamwita mheshimiwa mmoja, simtaji, anampa maiki. Huyo huyo aliyemzungusha mzee na bomba la maji miaka nenda miaka rudi! Akaanza: "Marehemu alikuwa rafiki yangu wa karibu."

BARAKA: Waombolezaji wakafanyaje?

ACHIENG: Wakapiga makofi, si unatujua. Walioguna ni kina mama wa nyuma tu.

BARAKA: Pole sana. Na jeneza?

ACHIENG: Nilijua! Wasikilizaji, mnamjua mjomba wake, fundi wa majeneza.

BARAKA: Mjomba anawasalimu, anauliza kama lilikuwa la mahogani.

ACHIENG: Mahogani, na kidirisha cha kioo juu. Hapo ndipo nikamkumbuka Wangari Maathai, yule aliyeanzisha Green Belt Movement, kundi la wanawake wapanda miti. Alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameshasema hataki jeneza la mbao. Akasukiwa la mianzi, mafunjo na magugu maji.

BARAKA: Mjomba hajamsamehe mpaka leo.

ACHIENG: Angejifunza kusuka.

BARAKA: Alijaribu! Mteja akalitazama, akauliza kama ni kapu la sokoni.

ACHIENG: (anacheka) Na baada ya hapo hakuzikwa, alichomwa kwenye tanuri la maiti la Kariokor, Nairobi. Watu walinong'ona wee! Mtu mkubwa hivyo, achomwe?

BARAKA: Mjomba anasema kuchomwa sawa, lakini mbao zilimkosea nini?

ACHIENG: Mwache mjomba kidogo. Kabla ya Kariokor alipelekwa Uhuru Park, mazishi ya kitaifa. Bustani ile ile aliyoipigania 1989 isijengwe jumba la ghorofa 60, wabunge wakamcheka, wakaliita kundi lake eti kundi la wanawake walioachika. Mwaka 1992 akapigwa na polisi pale pale hadi akazirai, amekaa na kina mama waliokuwa wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Kisha serikali inakuja kumlilia?

BARAKA: Serikali gani? Wewe unachanganya. Aliyetaka jumba ni Rais Moi. Aliyempa mazishi ya kitaifa ni Rais Kibaki, na Wangari mwenyewe alikuwa waziri msaidizi wa mazingira chini yake, 2003 hadi 2005.

ACHIENG: Na 1989 Kibaki alikuwa wapi? Si alikuwa waziri wa afya wa Moi huyo huyo?

BARAKA: Akatoka 1991. Watu hubadilika, Achieng.

ACHIENG: Wabadilike wakiwa wamekaa kimya nyuma. Maiki wapewe waliochimba mashimo ya miche na Wangari tangu 1977.

BARAKA: Hapo ndipo unapokosea. Mheshimiwa wenu alisema nini kuhusu bomba?

ACHIENG: Eti litaitwa jina la mzee.

BARAKA: Mbele ya umati?

ACHIENG: Mbele ya umati, na simu zinarekodi.

BARAKA: Basi mmemnasa! Angenyimwa maiki angeahidi wapi? Mwacheni aseme, kisha mfuateni na hiyo rekodi.

ACHIENG: Bomba kavu lenye jina la mtu ni matusi. Na mjane amekaa pale, analazimika kuitikia kwa kichwa.

BARAKA: Mjane anataka maji pia.

ACHIENG: Usimsemee! Wewe hukumwona uso.

BARAKA: Sikumwona, kweli. Lakini bado nasema apewe maiki.

ACHIENG: Na mimi nasema asipewe. Dakika mbili za wasifu, Baraka! Daftari lile halikutajwa hata mara moja.

BARAKA: Hilo la daftari ni kosa la MC, si la mheshimiwa.

ACHIENG: MC alimpisha nani?

BARAKA: ... Fundi mitambo ananionyesha saa. Na tulikuwa na mafunzo matatu: jinsi ya kuandaa kumbukumbu, kamati, bajeti...

ACHIENG: Hayo tuyaache. Wenye kumjua mzee, tutumieni mnachokumbuka, sauti au maandishi. Wiki ijayo tutasoma wasifu wake mzima hapa, bila kukatwa.

BARAKA: Na mheshimiwa tumwalike ajibu.

ACHIENG: Thubutu!